Ukitaka madogo waijue Kilwa, anza na msosi

Safari ya kwanza kuwapeleka wapwa zangu Kilwa Kisiwani, kwenye magofu ya mji wa kale wa masultani, niliiharibu mwenyewe. Kilomita kama 300 kwenye basi kutoka Dar, tumefika Kilwa Masoko hoi, tumelipia kibali, tumepanda mashua, alafu mi nikaanza kuwamwagia miaka na majina ya masultani kama niko ubaoni, wa kike akasinzia kabisa kwenye kivuli cha Msikiti Mkuu na kaka yake, yuko form three, anatafuta netiweki tu.

Safari ya pili nikabadili gia. Nikawaambia tukishuka tu kwenye mashua ni mwaka 1331, leo tumeiacha Masoko. Nilichagua 1331 kwa sababu ndo mwaka Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Kilwa akitokea Mombasa, na alichokiona kiliandikwa, kwa hiyo shahidi yupo. Usiokote mwaka wowote tu. Kama unawapeleka kwingine tafuta kwanza mtu aliyekuwepo siku hizo, hata bibi yao anafaa, muulize miaka ya foleni za sukari uone kama atanyamaza.

Sharti likawa moja: kisichokuwepo mwaka huo hakiliwi. Hapo ndo kesi ikaanza, maana nilikuwa nimebeba chipsi, kachumbari na mahindi ya kuchemsha. Viazi mviringo asili yake Amerika, nyanya Amerika, pilipili ya kwenye kachumbari Amerika, mahindi nayo hukohuko, vyote vilifika huku baada ya Wareno kuanza kuzunguka hizi bahari, na Wareno wenyewe Kilwa waliivamia 1505. Muhogo je? Na wenyewe. "Kwa hiyo Anko hata ugali hamna?" Wa mahindi hamna, wa mtama upo. Tukabaki na samaki, ndizi na madafu, dogo kanuna kweli, ila mpaka leo ukimpa chipsi anakuambia zimetoka wapi, kitu ambacho zile hotuba zangu hazikuweza.

Kingine, wape kazi, maana ukiwaachia wachague wote watataka kuwa sultani. Mkubwa nikamfanya nahodha anayefuata dhahabu Sofala, huko pwani ya Msumbiji ya leo, akapanga kwenda na kurudi wiki moja, nikamwambia thubutu, unashuka na upepo wa kaskazi alafu unakaa huko unasubiri upepo wa kusi ukurudishe. Akaanza kuhesabu miezi na vidole.

Yule wa kike, ana miaka 11, akang'ang'ania kuwa binti wa sultani, nikamkubalia. Tulipofika Husuni Kubwa, gofu la kasri la sultani, pale kwenye birika la pembe nane, nikawapa stori ya sultani Hasan bin Sulaiman kama Ibn Battuta alivyoisimulia. Huyu aliitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Fakiri mmoja kutoka Yemen alimwomba nguo alizovaa, akaingia ndani akazivua akampa. Mwanawe akazikomboa zile nguo kwa watumwa 10, na sultani aliposikia watu wanamsifia akaongeza watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Mi siku zote naisimulia kama stori ya ukarimu.

Mtoto kakaa kimya, alafu: "Anko, mi sitaki tena kuwa binti wa sultani. Nakuwa mmoja wa wale kumi." Akaanza maswali, nilikamatwa wapi, naongea lugha gani, mama anajua niko huku?

Likikukuta swali la hivyo usikimbilie kujibu, na usiseme tutaongea nyumbani. Mi nilinyamaza tu. Tukarudi kwenye mashua maji yameanza kutoka, yule mkubwa, nahodha wangu wa Sofala, akaanza kubahatisha majibu, mdogo wake anayakataa moja moja, wakabishana mpaka Masoko.