Oveni Ndogo ya Mezani: Maswali Yenu na Majibu ya Mafundi

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu oveni ndogo za umeme, zile za kukaa juu ya meza ya jikoni. Tumechagua sita. Vipimo vyote vya maltimita (kifaa cha kupima umeme) tunavyoeleza hapa hupimwa plagi ikiwa imetolewa kwenye soketi na oveni imepoa angalau nusu saa. Maltimita ya kawaida, bisibisi ya nyota, plaizi na glavu nene vinatosha. Glavu usizidharau, maana kingo za bati la oveni hukata kama wembe.

SWALI: Shikamoo fundi. Oveni yangu ya wati 1500 ilizimika ghafla keki ikiwa ndani. Taa haiwaki, koili hazipati moto, ila nikizungusha taima inatembea na kengele inalia. Fundi wa mtaani anasema koili zote nne zimekufa, ninunue mpya. Ninunue? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Usinunue kitu bado. Koili nne hazifi siku moja, dakika moja. Zikizimika zote kwa pamoja na taa nayo ikazima, tatizo liko njiani, kabla umeme haujazifikia. Kengele kulia isikuchanganye: taima ya oveni hizi huendeshwa na springi, hata ukiiweka juu ya kabati bila umeme itatembea na kulia.

Anza na soketi. Chomeka pasi hapo hapo uone kama inapata moto. Soketi ikiwa nzima, chukua maltimita, iweke kwenye omu 200, kisha ugusishe ncha zake kwenye pini mbili za chini za plagi ya oveni, ile ndefu ya juu ni ya ethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini). Washa taima, peleka themostati (kidhibiti joto) mwisho, na swichi ya kuchagua iweke kwenye koili za juu na chini. Oveni ya wati 1500 kwa volti 230 inatakiwa isome kama omu 35. Hesabu yake ni volti mara volti, ugawanye kwa wati: 230 × 230 ÷ 1500. Ukisoma karibu 70, nusu ya koili hazifanyi kazi. Ukisoma sifuri au karibu na sifuri, kuna shoti, usiichomeke kabisa. Kama maltimita haisomi omu zozote (inabaki kwenye "1" au "OL"), njia imekatika mahali, na kwa maelezo yako ndicho utakachokikuta.

Sasa fuata njia yenyewe. Fungua plagi, toa fyuzi ya ampea 13, ipime peke yake. Ikiwa nzima, toa skrubu za nyuma na za chini za oveni, kisha vua bodi ya nje. Kabla hujachomoa waya wowote piga picha mbili tatu kwa simu, kutoka pande tofauti. Umeme unaingia kwa waya wa plagi, unapita fyuzi ya joto, taima, swichi ya kuchagua na themostati, ndipo unafika kwenye koili. Mpangilio unaweza kupishana kidogo toleo kwa toleo, lakini vipande ni hivyo hivyo. Weka maltimita kwenye mlio (hulia njia ikiwa nzima), pima kimoja kimoja kikiwa kimezungushwa upande wa kuwasha, plagi ikiwa bado nje ya soketi. Kile ambacho hakilii ndicho kilichokufa.

Mara nyingi kinakuwa fyuzi ya joto. Ni kidude kidogo kama punje ndefu ya mchele, kimefichwa ndani ya soksi nyeupe au ya njano isiyoungua, nyuma ya nobu au karibu na ukuta wa chumba cha kuokea. Kazi yake ni kukata umeme moja kwa moja joto likizidi, na ikishakata hairudi. Juu ya bodi yake imechapwa nyuzi joto, ampea na volti. Nunua ile ile, namba kwa namba. Ya nyuzi za chini itakufa wiki hiyo hiyo, na ya nyuzi za juu haitakukinga siku ya hatari.

Usiiunge kwa risasi ya kulehemu. Moto wa pasi ya kulehemu unatosha kuiua fyuzi kabla hata hujafunga bodi, na risasi yenyewe huyeyuka karibu nyuzi 190, joto ambalo jirani na chumba cha kuokea si la ajabu. Tumia viunganishi vya chuma vya kubana kwa plaizi, ukiacha mguu wa fyuzi wenye urefu wa kutosha, kisha urudishe soksi yake.

Wapo mafundi wanaoitoa fyuzi hii na kuunga waya moja kwa moja, oveni inawaka, mteja anafurahi. Dada yangu, fundi akikufanyia hivyo irudishe siku hiyo hiyo. Oveni hiyo haina tena kitu cha kuizuia themostati ikigoma, na jikoni lako lina pazia, mafuta na watoto.

Halafu tafuta kilichoiua, la sivyo utabadilisha nyingine. Sababu kubwa ni tatu: oveni kusukumwa hadi ikagusa ukuta (iachie sentimita 10 kila upande na nyuma, na juu yake pasiwe na kitu), karatasi ya foili kutandikwa kwenye trei ya makombo, ikarudisha joto la koili za chini juu yenyewe, au themostati kuganda ikiwa imewasha. Hii ya tatu tumeieleza kwenye swali la Dodoma.

SWALI: Koili za juu zinawaka vizuri, za chini zote mbili zimezima. Nimeambiwa haiwezekani mbili zife pamoja. (Msomaji, Kinondoni)

Zinaweza kuzima pamoja bila kufa pamoja. Katika oveni nyingi za vijiti vya kioo (koili iliyo ndani ya mrija wa kioo), vijiti viwili vya chini vimeunganishwa mfululizo: umeme ukitoka kimoja ndipo unaingia cha pili. Kimoja kikikatika, mwenzake anakosa umeme ingawa ni mzima. Ukisoma maandishi madogo kwenye kijiti, utaona volti 110 au 115 badala ya 230, na huo ndio ushahidi.

Kabla ya koili, pima swichi ya kuchagua. Ikiwa kwenye "chini", mguu wa kuingilia na mguu wa koili za chini lazima vilie kwenye maltimita. Ukikuta mguu umebadilika rangi ukawa wa bluu au mweusi, na kiunganishi kimelegea, umeshapata jibu: kiunganishi kilicholegea huchemka, kikichemka kinalegea zaidi. Kata kipande cha waya kilichoungua hadi uone shaba safi, bana kiunganishi kipya cha milimita 6.3 cha kustahimili joto. Mguu wa swichi ukiwa umeungua sana, badilisha swichi, maana kiunganishi kipya juu ya mguu mbovu hakikai.

Kama swichi ni nzima, chomoa waya wa kila kijiti na ukipime peke yake. Kwa oveni ya wati 1500 yenye vijiti vinne, kizima husoma kama omu 35, kilichokufa hakisomi kitu. Dukani nenda nacho mkononi. Angalia mambo matatu: wati, volti, na urefu kuanzia ncha hadi ncha pamoja na vifuniko vya kauri. Muuzaji akikupa cha volti 230 badala ya 115, kitawaka hafifu na mkate hautageuka rangi. Wakati wa kukifunga, usikishike kioo kwa vidole vitupu. Chumvi na mafuta ya mkono hukidhoofisha kioo kikipata moto. Ukishakishika, kifute kwa spiriti na kitambaa safi, kiache kikauke.

SWALI: Kila nikiwasha oveni, saketi breka ya nyumba nzima inakata. Haikuwa hivyo kabla haijakaa stoo miezi mingi. (Msomaji, Tanga)

Pwani na stoo ndiyo jibu, mama. Kama koili zako ni za bomba la chuma jeusi, si kioo, ndani yake kuna unga mweupe unaotenganisha waya wa moto na bomba. Unga huo hunyonya unyevu kupitia ncha za koili. Oveni ikikaa muda mrefu bila kutumika, umeme unaanza kuvuja kwenda kwenye bodi, na breka yenye kinga ya kuvuja inakata kama ilivyoagizwa. Inakulinda, hivyo usihamie kwenye soketi isiyo na kinga wala usikate waya wa ethi. Ukikata ethi breka itanyamaza, na umeme utasubiri mkono wako.

Chomoa waya kwenye ncha za koili. Weka maltimita kwenye kipimo cha juu kabisa cha omu, waya mmoja kwenye ncha, mwingine kwenye bomba lenyewe mahali palipokwanguliwa. Unataka isome zaidi ya omu milioni moja. Ikisoma chini ya hapo, fungua koili, itoe, uikaushe kwenye oveni nyingine ya jirani au ya gesi kwa nyuzi kama 120 kwa saa mbili, ipoe, upime tena. Ikipanda, rudisha. Isipopanda, nunua mpya. Fahamu pia kwamba maltimita ya kawaida hupima kwa volti chache, inaweza kuipitisha koili ambayo kwa volti 230 bado inavuja. Ikiwa imepita kwenye kipimo na breka bado inakata, mpelekee fundi mwenye mega, kipimo cha kuvuja kinachotumia volti za juu.

Kwa oveni ya vijiti vya kioo, tafuta uchafu: mafuta na makombo yaliyokauka kwenye vifuniko vya kauri, au mende waliokaangika nyuma ya swichi. Safisha kwa brashi kavu.

SWALI: Dada yangu wa Marekani amenitumia oveni nzuri sana. Nimeichomeka kwa adapta, ikawaka kwa mwanga mkali, ikalipuka. Inatengenezeka? (Msomaji, Mombasa)

Pole sana. Adapta hubadilisha umbo la plagi tu, haigusi volti. Oveni ya Marekani ni ya volti 120, umeme wa Kenya ni 240. Volti zikiwa mara mbili, moto unakuwa mara nne: oveni ya wati 1500 ilijaribu kuvuta 6000. Pima fyuzi ya joto na koili kama tulivyomweleza msomaji wa Morogoro. Ukiwa na bahati, fyuzi ya adapta (kama inayo) au ya joto ilikatika kwanza na koili zimepona. Kama ni ya vitufe na kioo cha namba, bodi ya umeme ya ndani huenda imeungua, na hapo ni afadhali uiache.

Hata ikipona, utahitaji transfoma ya kushusha volti yenye wati 2000 au zaidi, kitu kizito cha kukaa sakafuni na chenye bei. Kwa maoni yetu oveni ya volti 240 ya hapo hapo Mombasa itakugharimu kidogo kuliko hiyo safari. Mwambie dada safari ijayo asome kibandiko cha nyuma: kikisema 120V peke yake, kisipande ndege.

SWALI: Keki inaungua juu, katikati bado uji. Niliweka 180. (Msomaji, Dodoma)

Kwanza shusha trei ngazi ya chini. Chumba ni kidogo, keki ikiinuka inakaribia koili. Ikiendelea, pima themostati kwa sukari. Weka kijiko cha chai cha sukari nyeupe kwenye kipande cha foili, pasha oveni kwa 175 hadi itulie, ingiza sukari kwa dakika 15. Isiyeyuke. Panda 190, dakika 15 nyingine, weka sukari mpya. Hapo inatakiwa iyeyuke. Ikiyeyuka kwenye 175, oveni yako ina joto zaidi ya inavyosema. Tiba rahisi ni kuweka alama ya kalamu kwenye nobu mahali pa 180 halisi na kuifuata.

Ila chungulia jambo moja zaidi: baada ya kama robo saa, koili zizime, kisha ziwake tena, na ziendelee hivyo. Zisipozima hata kwenye nyuzi 100, ncha za ndani za themostati zimegandana. Chomoa plagi, oveni ipoe, rudisha nobu kwenye sifuri, pima miguu miwili ya themostati: ikilia, imeganda. Usiikwangue ncha, nunua nyingine yenye kiwango kile kile cha ampea na nyuzi za juu. Kichwa chake kigusane na ukuta wa chumba pale pale kilipokuwa, kwa sababu kikiwa hewani kitasoma joto la nje na kuacha koili ziwake.

SWALI: Taima inasimama kwenye dakika 5, oveni inaendelea kuwaka usipoikumbuka. (Msomaji, Mwanza)

Kwanza jaribu hivi: ukitaka muda mfupi, zungusha kupita dakika 20 kisha rudisha nyuma hadi unapotaka. Springi inahitaji kukazwa ili ifike sifuri. Ikisimama hata hivyo, meno ya ndani yamechakaa au yamejaa mvuke wa mafuta. Usipulizie mafuta ndani. Yatafika kwenye ncha za umeme na kuungua. Taima mpya ina skrubu mbili tu na waya mbili au tatu. Linganisha dakika zake, ampea (isiwe chini ya iliyotoka), umbali kati ya skrubu, na umbo la fimbo ya nobu. Wakati unasubiri kuipata, usitoke jikoni oveni ikiwa inawaka, na ukimaliza chomoa plagi.