Muulize Fundi: Bodi haikai juu ya chesisi

SWALI: Asalaam aleikum ami. Mimi niko Langoni, Lamu, na nacheka nikiandika maana mji wetu punda ndio gari, lakini mezani kwangu nina Mustang ya plastiki ya kuunganisha, ya 1/25 (yaani ndogo mara 25 kuliko gari la kweli), aliyoniletea binamu yangu kutoka Marekani. Nimeshapaka rangi, ndani nimemaliza, sasa nikivalisha bodi juu ya chesisi haikai, upande wa kushoto nyuma inabaki nafasi ya kupitisha kucha, nikibana inashuka nikiachia inapanda. Gurudumu moja la mbele liko hewani. Boneti nayo ni ndogo kuliko shimo lake. Nimefikiria nimwage supagluu, nibane na vibanio vya nguo yaishe. Nishauri kabla sijaharibu.

JIBU: Wa aleikum salaam mwanangu. Hiyo supagluu funga kifuniko, irudishe kabatini. Bodi ikishuka ukibana na kupanda ukiachia kuna kitu kinaisukuma, na gundi haikitoi hicho kitu, inakishikilia tu, halafu siku moja umekaa zako unasikia tak! imeachia na rangi imepasuka.

Wewe umeandika kama una matatizo matatu, mimi naona mawili. Gurudumu la hewani na ile nafasi ya nyuma naona ni ugonjwa mmoja, chesisi imepinda. Toa magurudumu na vya ndani, ilaze chesisi juu ya kioo, bonyeza pembe moja moja. Ikicheza kama meza mbovu ya mkahawani basi ndio hiyo. Mara nyingi inatoka kiwandani hivyo, plastiki imetolewa kwenye kalibu kabla haijapoa sawasawa. Chukua maji ya moto, yale mkono hauvumilii lakini hayatokoti, maana plastiki hii ikikaribia digrii 100 inalegea kama chapati. Tumbukiza hesabu mpaka kumi, inyooshe ukiipitisha kidogo upande wa pili kwa sababu itarudi, kisha maji baridi hapo hapo. Rudia mpaka kioo kikubali. Kama injini umeshaibandika nenda taratibu zaidi, maji ya moto hayajui kipi unataka kilegee na kipi hutaki.

Ikiwa imenyooka na bado haikai, tumia wanja. Muombe dadako penseli yake (umuombe, usichukue, mimi yalinikuta) upake kingo za kile kibeseni cha ndani chenye siti na milango, valisha bodi polepole, toa, angalia ndani ya bodi palipochafuka. Hapo ndipo panapogusa. Kwangu huwa chini ya dashibodi ama nyuma kwenye matao ya magurudumu. Punguza kibeseni, si bodi, kwa msasa namba 400, kidogo, jaribu, kidogo tena, jaribu. Mara kumi si nyingi. Na rangi pia ina unene wake, praima ya chini, rangi, vanishi, kitu kilichoingia vizuri kikiwa plastiki tupu kinakataa kikishapakwa. Kwenye maungio ikwangue mpaka plastiki ionekane, kwani gundi ya plastiki kazi yake ni kuyeyusha pande mbili zishikane, ukiiweka juu ya rangi umebandika rangi kwa rangi.

Halafu hukuniambia kama vyote vimetoka boksi moja. Seti nyingi za Marekani ni 1/25, za Japani ni 1/24, watu wanadhani ni kitu kile kile. Gari la mita 4.8 kwenye 1/24 linatoka sentimita 20, kwenye 1/25 linatoka 19.2. Milimita nane hizo huzipati kwa msasa!

Boneti sasa. Nenda Matondoni uwatazame mafundi wa majahazi, kalafati, ile kazi ya kuziba nafasi kati ya mbao, inakuja mwisho, baada ya mbao kuchongwa na kukutana. Na wewe vivyo hivyo, boneti iwe ya mwisho, bodi ikishakaa. Pengo likiwa la kuonekana bandika utepe mwembamba wa plastiki ukingoni mwa boneti, upige msasa mpaka ilingane na shimo, upake upya boneti peke yake. Vijipengo vidogo katakata vijiti vya ile fremu iliyobeba vipande, uviloweke kwenye chupa ya gundi ya plastiki ya majimaji iliyobaki robo, kesho yake una uji wa plastiki ile ile. Ila unanywea ukikauka, kwa hiyo uache siku mbili ndio upige msasa. Ukiugusa leo kesho utakuta kibonde.

Vioo vibandike kwa gundi nyeupe ya mbao. Supagluu inatoa mvuke unaoacha ukungu mweupe juu ya kioo na kwa kitambaa hautoki, nina Land Rover hapa kabatini dereva wake haoni mbele mpaka leo.