Kuangalia picha ya rangi tupu: kwangu ilikuwa Rothko

Mkuu umeuliza mtu anasimamaje mbele ya mchoro usio na mtu, mti wala nyumba na bado akaguswa. Mi nakujibu kwa michoro ya Mark Rothko, mchoraji wa Marekani, niliyoikuta Tate Modern, jumba la sanaa hapa London.

Chumba kina mwanga hafifu. Michoro ni mikubwa imekuzunguka, rangi ni damu ya mzee na nyeusi, na ndani yake kuna maumbo kama fremu za mlango au dirisha ila hakuna pa kupitia. Kusema ukweli sikujisikia vizuri, kifua kilibana, nikakumbuka tulivyokaa kwenye benchi la hospitali baba akiwa ndani na mlango haufunguliwi, wala sikuwa nimemuwaza siku hiyo.

Baadaye ndo nikasoma habari za Rothko. Kumbe mwaka 1958 alipewa oda ya kupamba mgahawa wa kifahari wa Four Seasons, jengo la Seagram, New York, na mwenyewe alikuja kusema kichwani alikuwa na ukumbi wa ngazi wa maktaba aliyoibuni msanii wa zamani Michelangelo kule Florence, Italia, ule wenye madirisha yaliyozibwa, yaani mtu ajione kafungiwa. Mwisho akaghairi, hela akarudisha. Michoro 9 akawapa Tate, ikafika London tarehe 25 Februari 1970, siku ileile aliyokutwa amefariki studio kwake New York.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema eti sanaa hii kila mtu aone anachotaka. Ya benchi la hospitali ni yangu, sawa, lakini kule kubanwa jamaa alikupanga, ukubwa kaupanga, hata taa alitaka ziwe hafifu.

Ukienda usianze na kibao cha maelezo. Kaa kwanza macho yazoee, alafu angalia pale rangi mbili zinapokutana, hamna mstari ulionyooka, brashi imeburuzwa na rangi nyepesi zimepakwa tabaka juu ya tabaka mpaka nyekundu ya chini inachungulia kwenye nyeusi, na ukihama kidogo kuna sehemu inang'aa ambayo ulipokuwa umesimama mwanzo ulikuwa huioni kabisa. Mi hapo ndo nilikaa muda mrefu zaidi.

Kuingia Tate Modern kuona mkusanyiko wao ni bure, ila cheki kwanza kama michoro hii ipo maana huwa inahamishwa.