Anayemaliza GB 900 kwa mwezi siye anayekuharibia spidi ya saa tatu usiku

Mkuu, umesema umelipia faiba ya Mbps 20 (hiyo ni spidi) bila kikomo cha GB, mchana inakimbia vizuri, ikifika saa mbili usiku inashuka hadi Mbps 2. Jirani yako anadai wanaokuharibia ni wale wanaoshusha vitu usiku kucha, kwa hiyo watozwe zaidi. Nimefanya kazi miaka minne kwenye chumba cha kusimamia mtandao wa kampuni moja ya intaneti hapa Dar, ambayo sitaitaja, na jambo hili nililiona kwa macho yangu.

Kuuza zaidi ya ulichonacho peke yake si wizi. Watoa huduma wote wa majumbani wanafanya hivyo, na wangeacha, bei usingeiweza. Wateja 500 wa Mbps 20 ni Mbps 10,000 kwenye karatasi, lakini hawafungui bomba kwa pamoja: huyu yuko kazini, yule anasoma WhatsApp tu. Sisi tulikuwa na njia ya kwenda intaneti ya nje ya Mbps 1,000 kwa wateja hao, yaani 1 kwa 10, na malalamiko yalikuwa ya kuhesabu. Mambo yaliharibika pale watu wa mauzo walipoendelea kuunganisha nyumba huku ununuzi wa njia mpya ukisogezwa mbele mwezi hadi mwezi, mpaka tukawa na wateja 2,000 kwenye Mbps 1,000 zile zile. 1 kwa 40. Mteja aliendelea kulipa bei ile ile, na hakuna aliyemwambia kwamba alichonunua kimebaki robo.

Ukutani kulikuwa na skrini niliyoiangalia kila zamu ya usiku, mstari wa kijani ukionyesha kinachopita kwenye njia kuu. Mtandao wenye afya mstari wake una meno meno: unapanda kuanzia saa kumi na mbili jioni, unafika kilele saa tatu, unateremka taratibu. Wetu ulipanda vizuri, halafu saa mbili unanyooka kama uso wa meza, bila jino hata moja, hadi saa tano. Ukiona hivyo ujue njia imejaa, watu wanataka zaidi na hakuna pa kupita. Hapo simu zinaanza kuingia, na tulichoelekezwa kumwambia mteja ni "zima ruta, subiri kidogo, washa tena". Nimewaambia watu maneno hayo nikijua kabisa ruta zao hazina shida. Mpaka leo linaniuma.

Basi likaja wazo kama la jirani yako. Bosi akataka orodha ya watumiaji 20 wakubwa, tuwakabe. Wa kwanza alikuwa kijana wa Sinza anayehariri video za harusi, zaidi ya GB 900 kwa mwezi. Tukamshusha hadi Mbps 1, yeye na wenzake 19. Jioni hiyo nikakaa mbele ya skrini kusubiri matokeo. Meza ilikuwa pale pale. Nikafungua matumizi ya yule kijana saa kwa saa: karibu yote yaliangukia kati ya saa saba usiku na saa kumi na moja alfajiri, muda ambao njia yetu ilikuwa nyeupe kabisa. Siku ya tatu akaja ofisini na laptop yake ikiwa wazi, video imekwama asilimia 4, bibi harusi anapiga simu kila baada ya nusu saa. Akaniuliza, "Kaka, kwani nimemkosea nani?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Tunachanganyikiwa kwa sababu tumelelewa na bando. Bando tunaliona kama LUKU ya nyumba ya kupanga: mita moja, mwenye friji anamaliza yuniti za wote, kwa hiyo achangie zaidi. Kwenye umeme hiyo ni haki, maana yuniti ikitumika imekwisha. Mbps haziwekwi akiba. Njia ambayo haikutumika saa tisa usiku ni sawa na kiti kitupu kwenye basi la Mbeya lililokwisha kuondoka, huwezi kukiuza kesho. Na kampuni yenyewe hailipii njia ya nje kwa GB. Mkataba wetu ulikuwa wa aina iliyozoeleka kwenye biashara hii: matumizi yanapimwa kila dakika 5, mwisho wa mwezi asilimia 5 ya vipimo vyote, vile vya juu kabisa, inatupwa, yaani kama saa 36 za mwezi, na kipimo kinachofuata ndicho kinacholipiwa. Yule kijana wa saa tisa usiku hakutuongezea hata shilingi. Bili ilitokana na sisi wengine tunaowasha YouTube baada ya taarifa ya habari, na hatuna kosa, kwa sababu ndicho tulichouziwa.

Kwa hiyo nani alipe? Kama kuna wa kutozwa zaidi, basi iwe kwa matumizi ya saa za msongamano, siyo jumla ya GB za mwezi. Mitandao ya simu inalijua hili siku nyingi, ndiyo maana bando za usiku ni rahisi. Marekani, Machi 2020, corona ilipowafungia watu majumbani, kampuni kubwa ya intaneti, Comcast, iliondoa kwa muda kikomo chake cha data, na mtandao haukuanguka. (Wapo wanaosema Netflix na Google ndio walipe. Korea Kusini walivutana hivyo, kampuni ya intaneti SK Broadband na Netflix, mpaka wakapatana Septemba 2023. Miezi michache baadaye, Februari 2024, Twitch, mtandao wa video za moja kwa moja, ikafunga huduma yake nchini humo kwa sababu ya gharama za mtandao. Aliyepoteza ni mtazamaji.)

Lakini kabla ya kumgusa mteja yeyote, kampuni iseme ukweli wa inachouza. Uingereza, tangu Machi 2019, kampuni zilizosaini mwongozo wa Ofcom, msimamizi wa mawasiliano wa huko, zinatakiwa kumwambia mteja kabla ya kununua spidi ya chini atakayohakikishiwa. Ikishuka chini ya hapo na wakashindwa kurekebisha ndani ya siku 30, anaruhusiwa kuvunja mkataba bila faini. Na anayejua njia yake imejaa afunge mlango. Starlink, wale wa intaneti ya setilaiti, walifanya hivyo Novemba 2024: walisimamisha kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa sababu uwezo ulikuwa umejaa. Watu walinuna, ila waliokwisha kulipia hawakuongezewa foleni.

Sasa fanya hivi. Chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, usitumie wifi, upime spidi saa kumi na moja alfajiri na saa tatu usiku kwa siku saba, upige picha kila kipimo. Alfajiri ikiwa 20 na usiku 2, siku saba zote, ruta yako ni nzima, msongamano uko kwao. Waandikie barua pepe, usipige simu, uwaulize swali moja tu: spidi ya chini mnayonihakikishia saa tatu usiku ni ngapi? Wakikujibu, weka jibu hapa pamoja na vipimo vyako, tusaidiane kuandika malalamiko ya kupeleka TCRA.