RNA ya Alu si takataka
Ndugu, umeuliza kama RNA (nakala inayosomwa kutoka DNA) ya jeni zinazorukaruka, yaani vipande vya DNA vinavyohamia sehemu nyingine za DNA, inakaa bure tu ndani ya seli. Haikai bure hata kidogo. Chukua Alu, mojawapo ya jeni hizo, yenye nakala zaidi ya milioni 1 kwenye jenomu yetu, yaani DNA yetu yote. Haina maelekezo ya kutengeneza protini hata moja, lakini kwa kudandia ni hodari: RNA yake hushikana na SRP9 na SRP14, protini zinazodhaniwa kuisogeza karibu na ribosomu (kiwanda cha protini cha seli), hapo inaiteka ORF2p, protini ya kunakilia ya LINE-1 ambayo nayo ni jeni inayorukaruka, ili Alu ijinakili. Mwizi wa mwizi! Seli ikipata joto kali, RNA hiyohiyo huongezeka na kuishika polimerasi ya RNA II, kimeng'enya kinachosoma jeni, ili jeni nyingi zisisomwe. Ikijikunja ikawa nyuzi mbili bila kuhaririwa na kimeng'enya ADAR1, MDA5, protini ya kinga inayonusa virusi, huidhania ya virusi.