Volti Hazichezi, Mbona LED Zinaungua?

SWALI: Natengeneza taa za kuvulia dagaa hapa Ujiji, Kigoma. Nimeunga LED tatu za wati 1 mfululizo, na konveta inashusha umeme wa betri ya volti 12 hadi 9.6, yaani 3.2 kwa kila LED. Nikipima, volti hazichezi kabisa. Lakini baada ya wiki chache LED zinafifia au zinaungua. Tatizo nini?

JIBU: Umedhibiti volti, wakati LED inaongozwa na mkondo. Ya wati 1 inataka miliampea 350, isizidi. Hiyo 3.2 ni volti inayojitokeza mkondo huo ukipita, nayo hutofautiana: LED moja 3.0, nyingine 3.4, hata zikiwa za pakiti moja.

Joto ndilo linalozimaliza. Kila nyuzi moja ya joto ikipanda, volti ya LED hushuka milivolti 2 hadi 4. Taa ikipata joto la nyuzi 50 zaidi, LED zako tatu zinahitaji pungufu ya karibu nusu volti, ilhali konveta inang'ang'ania 9.6. Nusu volti hiyo inapandisha mkondo sana, mkondo unaongeza joto, na joto linavuta mkondo zaidi.

Mafundi wengi watakuambia utumie LM317, kile kipande kidogo cha kudhibiti umeme. Inadhibiti mkondo vizuri, ila pamoja na rezista yake inakula kama volti 3, kwa hiyo LED tatu kwenye betri ya 12 hazitapata umeme wa kutosha. Kwa taa ya kukesha ziwani, nunua konveta yenye skrubu mbili, ya volti na ya mkondo.

Kabla ya kuunga LED, weka volti 10.5. Kisha hamishia waya wa mita kwenye tundu la ampea 10, gusisha ncha zake kwenye matokeo ya konveta, chanya na hasi, uzungushe skrubu ya mkondo hadi mita isome ampea 0.32, yaani miliampea 320. Sasa unga LED, zikiwa zimefungwa kwenye bati la alumini. Zikipata joto utaona volti zikishuka taratibu huku ampea zikibaki palepale. Usiguse tena skrubu ya volti.

Waeleze wavuvi jambo moja: taa hii haififii betri inapochoka, tena konveta huvuta mkondo mwingi zaidi kadiri volti za betri zinavyopungua. Betri ikifika 11.5 taa ikiwa inawaka, izimwe.