Umekutana na kichaka usichokijua? Tafuta ua kwanza

Mvua zikianza, simu yangu hujaa picha: kichaka, ua jeupe, na swali, "Hii si spishi mpya?" Picha peke yake haijibu. Nimekusanya mimea kwa miaka mingi katika misitu ya milima ya Tao la Mashariki, Tanzania na Kenya, na ninachowaambia vijana ni hiki: usitoke msituni bila ua au tunda. Tawi la majani matupu halimshawishi mtaalamu.

Angalia jamii ya mibuni. Majani hukaa mawili mawili yakitazamana, na katikati ya vikonyo pana kijigamba kidogo. Umbo la kijigamba hicho, idadi ya ncha za ua, vifuko vya chavua vilivyochomoza au kujificha: kwa mambo madogo kama hayo spishi hutengana. Ndivyo mbuni-mwitu wa korongo la Kihansi, Udzungwa, ulivyopata jina Coffea kihansiensis mwaka 2004, kutoka kwa wataalamu wa mimea Davis na Mvungi.

Rangi na harufu ziandike palepale. Ua jeupe likikauka ndani ya gazeti hugeuka kahawia, na harufu haibaki kabisa. Andika na kimo cha mmea, mwinuko, vipimo vya GPS. Jani moja litie kwenye chembechembe za silika, zinazolikausha haraka, kwa ajili ya DNA. Ukikuta mmea mmoja tu, kata kijitawi, usiung'oe. Kibali uwe nacho kabla hujaingia msituni.

Kisha nenda hebaria, yaani ghala la mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Arusha au Nairobi. Kazi yenyewe iko hapa, na mimi ndipo ninapopapenda kuliko kote. Mara nyingi huo mmea "mpya" uliokotwa zamani na mtu mwingine, ukalala kabatini na lebo isiyo na jina la spishi. Ulinganishe na ndugu zake wote, karatasi kwa karatasi, bila haraka.

Usipopata unaolingana nao, uandikie maelezo kama spishi mpya. Kilatini kisikutishe; tangu 2012 maelezo hayo yanakubalika hata kwa Kiingereza. Ila ni lazima utaje sampuli moja itakayobeba jina, na hebaria inayoitunza. Nakala nyingine ibaki nchini mmea ulikotoka. Mahali kamili usipachapishe ikiwa mimea ni michache. Wape wasimamizi wa msitu, wao ndio watakaoulinda.